Ramani ya Kiwanja Husomwaje Kabla ya Kibali cha Ujenzi Kutolewa?

Alama nyekundu ya X inapochorwa ukutani, nyumba huwa tayari imemeza akiba ya miaka mingi. Hata hivyo, kosa linaloonyeshwa na alama hiyo mara nyingi lilikuwapo tangu kwenye karatasi, na lingeweza kusahihishwa kwa penseli na rula. Ndiyo maana Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 inakataza kuendeleza ardhi iliyo ndani ya eneo la mipango bila idhini ya mamlaka ya upangaji.

Ramani ya kiwanja si sawa na mchoro wa nyumba. Mchoro wa nyumba huonyesha vyumba, madirisha na paa. Ramani ya kiwanja huonyesha mahali nyumba itakapokaa: mipaka na bikoni zake, umbali kutoka kila mpaka, njia ya kuingilia, shimo la majitaka, kisima kama kipo, na mkondo wa maji ya mvua. Kwa hiyo wataalamu hawaisomi ili kupima uzuri wa nyumba, bali kujua nyumba hiyo itawafanyia nini majirani, barabara na maji.

Kila mtaalamu huja na swali lake. Afisa ardhi huuliza kama mwombaji ndiye mmiliki halali. Afisa mipango miji huangalia kama kiwanja kilitengwa kwa makazi, biashara au huduma ya jamii, na kama nafasi ya kutosha imeachwa kandokando. Mhandisi hupima uimara wa msingi na nguzo. Afisa afya hutazama mwanga, hewa na choo. Afisa mazingira hukumbuka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayozuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Kwa majengo ya ghorofa na yanayokusanya watu wengi, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji huuliza watu watatokea wapi moto ukizuka.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha uzito wa maswali hayo. Mwombaji mwenye kiwanja cha mteremko amechora ukuta unaokatiza upande wa chini, na shimo la majitaka karibu na kisima cha jirani. Katika karatasi, marekebisho ni kuacha mfereji na kusogeza shimo. Baada ya ujenzi, maji hufuata mkondo: yakikuta ukuta, hugeukia sebule ya jirani, na kisima chake huchafuka. Hapo ugomvi huanza, na kuubomoa ukuta hugharimu zaidi ya kuuchora upya.

Mabonde yametoa funzo kubwa zaidi. Mafuriko ya Desemba 2011 jijini Dar es Salaam yaliua watu na kuharibu makazi ya bonde la Msimbazi, na baadhi ya familia zilihamishiwa Mabwepande. Nyumba nyingi za bondeni zilijengwa pasipo ramani kusomwa na mtu yeyote, hivyo swali la maji liliulizwa na mto wenyewe.

Ramani kurudishwa si sawa na kunyimwa kibali. Mwombaji anapaswa kuomba sababu kwa maandishi, kuzipeleka kwa mchoraji wake, kisha kuiwasilisha upya. Majirani nao wana sauti: mtu anapoomba kubadilisha matumizi ya kiwanja, kwa mfano kutoka makazi kuwa baa au gereji, tangazo hutolewa ili wenye maoni au pingamizi wayawasilishe. Tangazo lisilosomwa halimlindi mtu.

Kibali kikishatolewa, nakala yake na ramani iliyopitishwa zikae mahali pa ujenzi, ili mkaguzi alinganishe msingi na mchoro kabla kuta hazijapanda. Fundi akishauri kusogeza ukuta au kuongeza ghorofa, ramani irudi kwanza halmashauri.

Hatua iliyo bora kuliko zote hutangulia ununuzi. Kabla ya kulipia kiwanja, mnunuzi afike ofisi ya ardhi akiwa na namba ya kitalu na ya kiwanja, aombe kuonyeshwa mchoro wa mipango miji wa eneo hilo. Kiwanja kilichotengwa kuwa uwanja wa shule hakigeuki kuwa cha makazi kwa sababu tu kimeuzwa kwa bei nafuu.