Madoa Yasiyofifia kwa Mtoto Mgonjwa: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Ini hutengeneza protini zinazogandisha damu, kama faibrinojeni, na zinazoizuia isigande ovyo, kama protini C. Maambukizi makali yakienea katika damu ya mtoto, zote hutumika hadi zikapungua mno. Hapo damu huganda ndani ya mishipa midogo ya vidole huku ikivuja kwenye ufizi na chini ya ngozi, ikiacha madoa yasiyofifia. Mzazi wa Meru au Embu, hilo halingoji kupambazuke.

FANYA

1. Mvue nguo zote penye mwanga. Ngozi nyeusi huficha madoa: kagua viganja, nyayo, ndani ya mdomo na ndani ya kope la chini.

2. Bonyeza doa kwa gilasi. Lisipofifia, ondoka papo hapo. Hata likififia, mtoto mlegevu, anayehema kwa kasi au mwenye miguu baridi ni wa hospitali.

3. Lenga hospitali yenye maabara na damu ya kuongezwa: ya rufaa ya Meru au ya Embu, au za misheni zilizoko Maua, Nkubu na Chogoria. Zahanati ikiwa njiani, apewe dozi ya kwanza ya antibiotiki, kisha msonge mbele.

4. Beba kitabu cha kliniki. Taja saa doa la kwanza lilipoonekana, na jamaa yeyote aliyewahi kugandwa na damu mguuni akiwa kijana.

5. Kamilisha chanjo za wiki ya 6, 10 na 14. Ile ya nimokoka, bakteria wanaoweza kuleta maambukizi kama haya, hutolewa Kenya tangu 2011.

USIFANYE

1. Usimpe aspirini. Huzidisha kuvuja damu.

2. Usimchanje chale wala kumkanda madoa. Jeraha hilo huenda lisikome kutoa damu.

3. Usiishie kwa muuza dawa. Sharubati hairudishi protini zilizokwisha.

4. Usishinikize awekewe maji ya mshipa harakaharaka. Utafiti uliochapishwa 2011, uliohusisha watoto zaidi ya 3,000 wa Kenya, Uganda na Tanzania wenye homa kali na mzunguko mbaya wa damu, ulionyesha kwamba waliomiminiwa maji kwa kasi walikufa zaidi. Mwachie daktari apime.

5. Usitulie kwa kuwa homa imeshuka. Mwili kupoa si kupona.

6. Usingoje ruhusa ya baba aliyepeleka miraa Nairobi, wala nauli ya kesho. Kopa kwenye chama, ita bodaboda, uende. Deni mtalipana.