SOMO LA ROBO HII: Tumsikilize Mtoto Mmoja Mmoja Akisoma



Ukipita nje ya darasa la pili utasikia watoto sitini au themanini wakisoma ubaoni kwa sauti moja. Inapendeza, lakini ndani ya sauti hiyo asiyejua kusoma hufuata midomo ya wenzake, na mwenye kumbukumbu nzuri hukariri ukurasa mzima. Mtoto wa namna hii anaweza kufika darasa la tano bila kugundulika. Huko hukutana na vitabu asivyoweza kuvisoma, akakata tamaa. Ndiyo maana tunasema: anayetaka kujua kama mtoto anasoma, amsikilize peke yake.

Njia hii imeshajaribiwa. Mwaka 2005 shirika la Pratham la India lilianza kupima watoto nyumbani kwao kwa karatasi fupi ya kusoma. Kwa kufuata mfano huo, mpango wa Uwezo ulianzishwa mwaka 2009 kwa ajili ya Tanzania, Kenya na Uganda. Karatasi hiyo ni rahisi kiasi kwamba hata mzazi anaelewa matokeo yake. Mwalimu naye anaweza kuandaa ya kwake kwa hatua nne.

1. Silabi. Mtoto asome silabi kumi zilizochanganywa, si kwa mpangilio wa ba, be, bi, bo, bu aliouzoea. Ziwemo pia ngumu kama nya, mbwa na ng'o.

2. Maneno. Mfano: kuku, kisima, ng'ombe, shamba.

3. Aya. Sentensi fupi nne. Mfano: "Asha ana kuku. Kuku wake ametaga mayai matatu. Asha amempa bibi yai moja. Bibi amefurahi."

4. Hadithi na maswali. Hadithi iwe ndefu kidogo na ngeni kwake. Swali moja liwe na jibu lililoandikwa, jingine limtake afikiri.

Hatua ya nne isirukwe. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto anayezungumza Kisukuma au Kigogo nyumbani anaweza kutamka hadithi yote vizuri bila kuielewa. Na anayesoma silabi kwa silabi akifika mwisho wa sentensi ameshasahau mwanzo wake.

Mtoto akae na mwalimu pembeni, wenzake wakiwa na kazi ya kuandika. Asikaripiwe wala kuchekwa. Akisita, apewe muda. Mwalimu aandike daftarini hatua aliyofikia. Tuseme kila mtoto anahitaji dakika 5. Watoto 10 kwa siku ni dakika 50, na darasa la watoto 80 litamalizika kwa siku 8 za shule. Gharama yake ni karatasi, kalamu na daftari.

Kupima peke yake hakumfundishi mtoto. Mkulima hapimi shamba kisha akaenda kulala. Waliokwama kwenye silabi wakae kundi moja, wafundishwe silabi kila siku, hata kama ni wa darasa la nne. Walio kwenye maneno wapewe sentensi. Mwisho wa muhula wapimwe tena kwa karatasi nyingine, ili tujue nani amesogea. Mtoto anayesogeza karatasi karibu sana na macho apelekwe kituo cha afya kwanza. Huenda tatizo ni kuona.

Kamati ya parokia ina nafasi yake. Kwa makubaliano na mwalimu mkuu, itafute watu wa kujitolea wa kusimamia makundi hayo. Majina ya watoto yasisomwe kanisani wala kwenye jumuiya. Mzazi aelezwe faraghani, na aombwe amsikilize mwanawe akisoma kila jioni. Mzazi asiyejua kusoma naye anaweza kusikiliza, akamwuliza: "Hadithi hiyo inasema nini?" Kwa wafadhili wetu, tunaomba mtakapotembelea shule mwulize idadi ya madawati, kisha mwulize pia watoto wangapi wamevuka hatua tangu muhula uliopita.

Maswali ya kujadili kwenye kamati:
- Katika shule iliyo karibu nasi, nani amemsikiliza kila mtoto akisoma peke yake mwaka huu?
- Nani kati yetu anaweza kutoa saa moja kwa wiki?
- Watoto wetu wana nini cha kusoma nyumbani?