Kabla ya Kumwacha Mbwa Wako kwa Mtunzaji Anayeishi Kwenye Fleti

Kila Desemba, familia nyingi za Nairobi hufunga nyumba na kwenda mashambani. Mbwa asiyeweza kusafiri nao hutafutiwa mahali pa kukaa, na mahali hapo si lazima pawe kituo chenye vibanda na ua mpana. Wako watu binafsi wanaowapokea mbwa katika fleti zao kwa malipo ya kila siku, na wateja huwapendelea kwa kuwa mbwa hulala ndani ya nyumba kama alivyozoea. Somo hili linahusu jambo ambalo mteja hulisahau kwa urahisi: mapatano yako na mtunzaji hayalifungi jengo anamoishi.

Mfano wa kujifunzia

Tuseme umemlipa mtunzaji anayeishi Kilimani kwa siku 10, kisha ukasafiri hadi Kakamega. Usiku wa pili, mbwa wako anabweka kwa saa kadhaa kwa upweke. Asubuhi majirani wanamlalamikia msimamizi wa jengo, naye anamwonyesha mtunzaji kanuni inayokataza biashara ya kutunza wanyama ndani ya fleti. Mtunzaji anapewa hadi jioni kumwondoa mbwa. Wewe uko umbali wa zaidi ya kilomita 300, yeye hana mahali pengine pa kumpeleka, na malipo yote umekwisha kuyatoa. Katika kisa hiki majirani walikuwa na haki ya kulala, na msimamizi alitekeleza wajibu wake. Kosa lilitendeka kabla ya safari, pale ambapo wewe hukuuliza na mtunzaji hakukueleza.

Kanuni za jengo hutoka wapi?

Nchini Kenya, umiliki wa fleti mojamoja ndani ya jengo moja unasimamiwa na sheria ya mwaka wa 2020, iliyochukua nafasi ya ile ya 1987. Chini ya sheria hiyo, wamiliki wa fleti huwa na shirika lao, ambalo husimamia maeneo ya pamoja kama vile ngazi, lifti na maegesho, na huongozwa na kanuni za ndani. Sheria hiyo pia imeweka nafasi ya kamati ya ndani ya kusuluhisha migogoro. Mahali ambapo jengo zima ni la mtu mmoja, masharti hupatikana katika mkataba wa upangaji.

Zingatia tofauti hii: kanuni inayomruhusu mkazi kufuga mbwa wake si lazima imruhusu kupokea mbwa wa wengine kwa malipo. Kufuga ni sehemu ya maisha ya nyumbani. Kutunza kwa malipo huweza kuhesabiwa kuwa biashara. Kwa hiyo jibu la "hapa mbwa wanaruhusiwa" halitoshi.

Majirani wana haki gani?

Malalamiko ya kawaida ni kelele, kinyesi katika ua, harufu, na hofu ya watoto wanapokutana na mbwa mgeni ndani ya lifti. Kanuni za kitaifa za kelele za mwaka wa 2009 huhesabu usiku kuanzia saa mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kiwango cha sauti kinachoruhusiwa katika makazi wakati huo ni cha chini kuliko cha mchana.

Heshima nayo ina nafasi yake. Katika majengo yenye wakazi Waislamu, kama yalivyo mengi ya Mombasa, mate ya mbwa yakimgusa mtu au nguo yake humlazimu kujitwaharisha kabla ya kuswali. Mtunzaji mwangalifu hushika kamba fupi na kusubiri lifti nyingine badala ya kumbana jirani.

Uliza haya kabla ya kulipa

1. Je, una idhini ya maandishi ya kutunza mbwa kwa malipo katika jengo hili? Omba kuiona.
2. Jengo linaruhusu mbwa wangapi katika fleti moja, na kuna mipaka ya ukubwa?
3. Utakuwa na mbwa wangapi siku hizo, na ni nani atakayebaki nao ukitoka?
4. Utampitisha wapi, na kinyesi utakitupa wapi?
5. Jengo likimkataa, atapelekwa wapi, na gharama italipwa na nani?
6. Akiugua au akimuuma mtu, nani atajulishwa kwanza?

Wewe pia una wajibu. Toa kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa isiyopitwa na wakati, na useme ukweli kuhusu tabia ya mbwa wako. Ukificha kwamba hubweka akiachwa peke yake, utakuwa umeandaa mgogoro mwenyewe. Iwapo atamuuma mtu, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, na mhusika aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa amechanjwa.

Haki zako kama mtumiaji wa huduma

Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka wa 2012 inamtaka mtoa huduma atoe huduma ya ubora unaokubalika. Ikiwa mapatano yenu yana makadirio ya bei, hapaswi kukutoza zaidi ya makadirio hayo kwa kiasi kinachopita asilimia 10. Mali bila daftari hupotea bila habari: andikianeni tarehe, bei, na masharti ya kurejesha fedha za siku zisizotumika, na uhifadhi ujumbe wa malipo. Mkishindwa kupatana, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya fedha yasiyozidi shilingi milioni 1.

Zoezi

Rudi kwenye mfano wa Kilimani. Ni lipi kati ya maswali sita lingezuia kisa hicho, na ni lipi lingepunguza hasara baada ya kutokea? Jibu la kwanza ni idhini ya jengo. La pili ni makao ya dharura. Usiondoke nyumbani kabla ya kupata majibu hayo mawili kwa maandishi.