Chawa wa Angani

Katika nchi ya Ufaransa palikuwa na mtu jina lake Henri Mignet, aliyezaliwa mwaka 1893. Kazi yake ilikuwa ya mitambo ya simu ya upepo, yaani redio. Lakini tangu ujana wake alitamani sana kuruka angani. Siku zile eropleni zilikuwa mali ya serikali, ya makampuni na ya matajiri. Mtu wa kawaida aliitazama ikipita juu ya kichwa chake, kisha akarudia kazi yake. Mignet hakuridhika na hali hiyo. Alisadiki ya kuwa mtu yeyote mwenye mbao, gundi, kitambaa na saburi aweza kujijengea eropleni nyumbani kwake.

Basi akaanza kujenga. Nyingi katika eropleni zake za kwanza hazikufaa, lakini hakukata tamaa. Kila moja iliposhindwa aliitafuta sababu, akajenga nyingine.

Rubani wa eropleni ya kawaida ana kazi ya mikono na miguu pamoja. Kwa mkono huinua au huinamisha pua ya eropleni, tena huilaza upande huu au upande huu. Na kwa miguu hugeuza usukani ulio mkiani. Mignet aliona mambo hayo ni mengi mno kwa mtu asiyezoea. Kwa hiyo akafanya eropleni ya namna mpya. Ilikuwa na mabawa mawili, moja mbele na moja nyuma, yakikaribiana sana. Bawa la mbele lilishikwa kwa bawaba, kama kifuniko cha sanduku, nalo liliweza kuinuliwa na kuteremshwa. Rubani alikuwa na fimbo moja tu mkononi. Akiivuta, bawa la mbele liliinuka, na eropleni ikapanda, akiisukuma, ikashuka, akiipeleka kando, usukani wa mkia ukageuka. Miguu ilikaa bure.

Eropleni hiyo ilikuwa ndogo sana. Urefu wake toka pua hata mkia haukuzidi futi 12 au 13. Injini yake ilikuwa ndogo, ya namna ya injini za pikipiki. Mwezi wa Septemba mwaka 1933 Mignet aliirusha mwenyewe, nayo ikaruka vizuri. Akaiita Chawa wa Angani, kwa kuwa alitaka ienee kila mahali. Waingereza baadaye waliiita Kiroboto Arukaye.

Mwaka 1934 akatoa kitabu chenye picha na vipimo vyote, ili kila mtu apate kujenga iliyo kama yake. Akasema ya kuwa mtu awezaye kupigilia sanduku la mbao aweza kujenga eropleni. Kitabu kikapendwa mno. Mwaka 1935 kikafasiriwa kwa Kiingereza, na maelfu ya nakala zikauzwa. Maseremala, makarani na mafundi wa motokaa wakaanza kukata mbao katika vyumba na vibanda vyao. Waliunganisha mbavu za mabawa kwa gundi, wakazifunika kwa kitambaa, kisha wakakipaka kitambaa dawa ya kukikaza hata kikawa kama ngozi ya ngoma. Mwezi wa Agosti mwaka huo Mignet akavuka bahari iliyo kati ya Ufaransa na Uingereza kwa Chawa wake, na watu wakamshangilia.

Lakini furaha hiyo haikudumu. Eropleni kadhaa za namna hiyo zilianguka, na mwaka 1936 habari za vifo zikafuatana, katika Uingereza na katika Ufaransa pia. Jambo la ajabu ni kwamba zilianguka kwa namna moja: eropleni iliinamisha pua, ikaenda moja kwa moja hata chini, wala rubani hakuweza kuiinua tena. Wengine wakasema kosa ni la wajenzi; wengine wakasema marubani hawakujua kazi yao.

Mabishano hayawezi kuvumbua kweli, kupima kwaweza. Chawa wa Angani akapelekwa Chalais-Meudon katika Ufaransa, na mwingine Farnborough katika Uingereza. Huko palikuwa na majumba yaliyojengwa kama bomba kubwa, yenye mapanga makubwa yazungukayo na kuvumisha upepo. Eropleni nzima iliwekwa ndani, ikashikwa isiondoke, na upepo ukavumishwa juu yake. Mizani ilionyesha nguvu za upepo juu ya mabawa, nayo ikapimwa pua ikiwa juu, ikiwa sawa, na ikiwa imeinama.

Ndipo siri ilipojulikana. Pua ilipokuwa sawa, fimbo ilifanya kazi yake vema. Lakini pua ilipoinama kupita kiasi, mambo yaligeuka. Rubani alivuta fimbo, na bawa la mbele likainuka. Lakini upepo uliopita katika nafasi nyembamba kati ya mabawa yale mawili ulilitia nguvu bawa la nyuma. Bawa la nyuma likainua mkia, na mkia ukiinuka, pua huzidi kushuka, kama ubao wa kupembea ambao upande mmoja ukipanda wa pili hushuka. Basi rubani, akijaribu kujiokoa, hakuweza; hata akivuta fimbo mpaka mwisho wake, pua haikuinuka.

Serikali zikakataza Chawa wa namna ile kuruka. Mignet mwenyewe hakuiacha kazi yake. Alibadili umbo la mabawa na jinsi yalivyopangwa, ili hatari ile iondoke, akaendelea kubuni eropleni nyingine mpaka alipokufa mwaka 1965.

Hata leo watu wa nchi nyingi hujenga eropleni nyumbani. Wengi hununua vipande vilivyokwisha kutengenezwa kiwandani, wakaviunga wao wenyewe kwa miezi au miaka. Katika Marekani sharti wajenzi wenyewe wafanye zaidi ya nusu ya kazi ile. Mkaguzi huja kuitazama eropleni kabla haijaruka. Kisha hujaribiwa angani, mara nyingi kwa muda wa saa 25 au 40, kabla ya kuruhusiwa kuchukua abiria.

Chawa wa Angani alikuwa ameruka salama mara nyingi, na watu wakadhani kuwa hana kasoro. Kumbe kasoro ilikuwapo, imejificha mahali ambapo hapajapimwa. Waliokufa hawakuwa wavivu wala wajinga. Walikosa kipimo kilichofanywa baada yao. Fundi mwema hajiulizi tu, "Je, chombo changu chafanya kazi?" Hujiuliza tena, "Je, siku ya shida kitafanyaje?"

Maswali

1. Kwa nini Mignet alitaka rubani awe na fimbo moja tu?
2. Eropleni yake ilifunikwa kwa kitu gani, na kitu hicho kilikazwaje?
3. Eleza jinsi eropleni ilivyopimwa bila kuruka.
4. Kwa nini kuvuta fimbo hakukumsaidia rubani, pua ilipoinama sana?
5. Taja chombo kimoja kitumiwacho nyumbani kwenu. Chapasa kupimwaje kabla ya kutumiwa?