Bulbini: Ua la Juani kwa Roshani za Ndia Kuu

Wakaazi wa Ndia Kuu wanaotaka kupamba roshani zao bila kutumia maji mengi wana mmea wa kuwafaa: bulbini (Bulbine frutescens), wenye asili ya kusini mwa Afrika. Wengi huudhani ni mshubiri. Lakini jani la mshubiri ni pana na lina miiba pembeni. La bulbini ni jembamba na mviringo kama jani la kitunguu, wala halichomi. Maua yake madogo, ya manjano au rangi ya machungwa, huchanua kwenye kikonyo kirefu kuanzia chini kwenda juu.

Jambo gumu mtaani humu ni jua. Nyumba zimesongamana, na mlangoni jua hufika kwa muda mfupi tu. Kivulini bulbini huishi, ila maua huwa haba. Afadhali chungu kipandishwe roshani ya juu au kwenye paa la saruji. Kisigusane na ukuta, kwani mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya maji. Na misumari isipigwe kwenye mbao za nakshi. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi.

Kata tawi, liache likauke siku moja, kisha lichomeke kwenye udongo uliochanganywa na mchanga wa ujenzi au kokoto ndogo. Mchanga wa ufuoni una chumvi, usitumike. Chungu lazima kiwe na tundu chini. Mwagilia udongo ukishakauka tu, na wakati wa masika usimwagilie kabisa: mmea huu huuawa na maji mengi mapema kuliko kiu.

Maji hayo yanayovuja ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Mombasa ilikumbwa na homa ya dengi mwaka 2013 na chikungunya kuanzia mwishoni mwa 2017. Maradhi yote mawili huenezwa na mbu wa Aedes, anayeuma mchana na kutaga kwenye maji yaliyotuama majumbani, hata yaliyomo katika kisahani cha chungu. Yai linaweza kuwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hivi. Kumwaga maji pekee hakutoshi, kwa kuwa mayai hubandika ukingoni na kustahimili ukavu kwa miezi. Kisahani kisuguliwe kwa brashi kila wiki, au kijazwe mchanga hadi ukingoni. Bulbini haihitaji kisahani hata kidogo, kwa hiyo anayeweza kukiondoa na akiondoe.