Kuilinda Rejeta ya Gari la Shamba

Ndugu wanachama, njia za mikarafuuni huku Pemba ni za vilima na magugu, na kijiti kimoja chatosha kutoboa mrija wa rejeta. Fungeni wavu wa waya mbele yake. Matundu yasiwe madogo mno, kwani yatazuia upepo, na injini itachemka hata bila ya rejeta kutobolewa. Mbegu za majani na matope nayo huziba. Injini ikishapoa, pitisheni maji polepole kutoka upande wa injini, taka zirudi zilikoingilia. Maji ya nguvu hukunja mapezi. Ndani msitie maji ya chumvi kabisa. Wala kifuniko kisifunguliwe rejeta ingali moto, mvuke huunguza uso. Mshale wa joto ukipanda njiani simameni papo hapo, ijapokuwa kituo cha kuuzia karafuu ki karibu kufungwa.