KUJIFUNZA USHOFERE: MTELEMKO NJO MTIHANI

Wengi kati yetu tunasema: « Nikimaliza masomo nitakuwa shofere wa kamyo. » Ni kazi nzuri. Lakini shofere anajifunza nini kwanza? Si kukimbia. Anajifunza kusimamisha.

Kwetu kijana anaanza kama motoboyi. Anaosha kamyo, anapima mafuta ya motere na maji ya radiatere, anaangalia pine, anatia kale nyuma ya gurudumu kwenye kilima. Hiyo ni shule, tusiizarau. Lakini haitoshi, sheria inaomba permi. Kwa kamyo ya mizigo yenye kupita kilo 3.500 ni kategoria C. Ikivuta remorki nzito, inaomba E pia.

Sasa tuangalie mtelemko wa Ngomo, kwenye njia ya Bukavu na Uvira, mbele ya kufika Kamanyola. Kuna mashofere wanaotoa vitesi na kuacha kamyo ishuke yenyewe, kusudi wachunge mazuti. Hapo motere haizuii tena magurudumu. Kazi yote inabakia kwa fre. Katika fizika tunasoma: mbio ikizidi mara 2, nguvu ya mwendo inazidi mara 4, mbio ikizidi mara 3, nguvu inazidi mara 9. Nguvu ile inageuka moto ndani ya fre. Fre ikipata moto sana haikamati tena, hata shofere akanyage namna gani.

Njo maana mwalimu mzuri anafundisha hivi: mbele ya kushuka, simama, pima fre, kisha tia vitesi ndogo, ile ambayo ungepandia kilima kile. Usingoje katikati, kamyo ikisha kushika mbio, ni vigumu vitesi ndogo kuingia.

Mazuti yenye kuchungwa ni litre kidogo tu. Na juu ya mizigo kunaikala mama wa soko na watoto. Torati (Kumbukumbu 22:8) inaagiza mwenye kujenga nyumba aweke ukingo juu ya dari, mtu asianguke. Vitesi ndogo njo ukingo wa shofere.

Maulizo:
1. Juu ya nini fre peke yake haitoshi kwenye mtelemko mrefu?
2. Mbio ikitoka 20 kufika 60 kwa saa, nguvu inazidi mara ngapi?
3. Motoboyi akiona shofere anatoa vitesi, atamwambia nini kwa heshima: « Papa, tuko na batu huku juu », ao atanyamaza?